Magofu Yana Faida: Mtu Anapumzika

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: napenda historia, tena sana, na sababu kubwa ya kuipenda ni kwamba haitembei. Mlima unakutaka uupande. Msitu unakutaka utokee upande wa pili, na ukishatokea unaambiwa gari limebaki kule tulikotoka. Gofu halina mambo hayo. Limekaa palepale karne na karne, halina haraka na mtu, na ukilifikia una haki ya kusimama mbele yake mpaka moyo ushuke kutoka kooni urudi kifuani. Hakuna atakayesema umechoka. Watasema unatafakari.

Haya nimeyajua tangu shemeji yangu astaafu. Zamani mtu akistaafu alifuga kuku. Huyu amenunua viatu vya kupandia milima, fimbo mbili za chuma zinazokunjika na kofia yenye pazia la kufunika shingo, na kila mwisho wa wiki ukikaribia anatuma ujumbe kwenye kundi la familia: “Kesho matembezi mepesi. Mandhari na historia. Kila mtu abebe maji yake.” Mke wangu, ambaye ni dada yake, hujibu kabla sijavaa miwani: “Tupo.” Hajaniuliza kama nipo.

Nimeshindwa kukataa, kwa hiyo nimetunga kipimo changu. Shemeji anapima matembezi kwa kilomita. Mimi napima kwa vituo: kutoka gofu hadi gofu, kutoka kaburi hadi bango la maelezo, ni hatua ngapi? Zikizidi uwezo wangu, hayo si matembezi mepesi hata kama njia ni tambarare kama meza.

Kwa kipimo hicho, Kaole imefaulu. Iko kilomita kama tano kusini mwa Bagamoyo, hakuna mwinuko wa kumtisha mtu, na ukifika unakuta magofu ya misikiti miwili, makaburi yenye minara, na mikoko upande wa bahari. Watu walikuwa wakiswali hapo tangu karne ya 13. Mtu mwenye kifua chembamba anaweza kukaa hapo nusu siku akihama kaburi hadi kaburi, na heshima yake ikapanda.

Gede, karibu na Watamu kule Kenya, imefaulu kwa alama za juu zaidi. Huo ni mji mzima uliohamwa katika karne ya 17, kisha msitu ukaingia bila kubisha hodi. Kuna ikulu, misikiti, visima na nyumba za wenye nacho, vyote chini ya kivuli cha miti mikubwa, na kima wanakukagua kutoka juu ya kuta. Kila hatua chache kuna mlango wa kusimama. Nasikia wachimbaji wa mambo ya kale walianza kazi ya maana pale mwaka 1948 na ikawachukua miaka. Nawaelewa. Nami ningekuwa na kivuli kile nisingemaliza haraka.

Waliofeli ni wachoraji wa Kondoa. Michoro yao ya mwambani pale Kolo iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na ni mizuri, siibishii: watu wembamba wenye nywele zilizotutumka, twiga, swala, rangi nyekundu ambayo mvua za miaka hazijaifuta. Lakini wenyewe hawakuwafikiria wageni. Wamechora juu. Mtafiti Mary Leakey alipokuja kuinakili mwaka 1951 alipanda, na sisi tunapanda, na katikati ya njia hakuna hata mchoro mmoja mdogo wa kumshikilia mtu. Kituo cha kwanza ndicho cha mwisho.

Basi safari hii shemeji akatangaza Iringa. Isimila asubuhi, Kalenga mchana. Nikafanya hesabu zangu nikaona vituo vipo, nikavaa raba.

Isimila iko kilomita kama 20 kutoka mjini, kwenye barabara ya Mbeya. Ni korongo kavu ambako mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliyekuwa safarini aliokota mawe yaliyochongwa, na kuanzia 1957 Clark Howell kutoka Chicago akaja kuchimba. Wakakuta mashoka ya mawe kwa wingi, ya tangu miaka inayokadiriwa kufika 260,000, pamoja na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalikuwa yamechomoza juu ya kichwa. Huyo kiboko nilimpenda mara moja. Alikuwa anakaa majini, anatoa macho tu kuangalia wanaohangaika nchi kavu.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwenye adabu, ananiita mzee wangu. Alinishikisha shoka mojawapo. Nikamuuliza lilichongwaje. Akaeleza. Nikamuuliza lilikuwa la kukatia nini. Akaeleza: kuchuna ngozi, kukata nyama, kuchimba mizizi. Nikamuuliza mbona yapo yenye ncha na mengine yana ukingo mpana. Akaeleza tena, kwa furaha. Hapo nikagundua kwamba swali moja la maana lina thamani ya dakika tatu za kupumua, na swali la kipumbavu lina thamani ya tano, kwa sababu mwongozaji anatafuta kwanza namna ya kukujibu bila kukuvunjia heshima. Mimi nikauliza ya aina zote mbili. Shemeji alikuwa anagonga fimbo zake chini. Kijana akamwambia, “Huyu mzee ni msomi.” Mke wangu akageukia upande mwingine.

Baada ya mashoka kuna zile nguzo za mchanga mgumu zinazopigwa picha na kila anayepita. Maji na upepo vimeyala mabonde, vikaacha nguzo ndefu zimesimama, nyingine zina mawe juu yake mithili ya waliovaa kofia wakasahau kuivua. Ni pazuri mno. Lakini mkumbuke kwamba ni bondeni. Kilima ni mdai muungwana, anachukua chake mwanzoni. Bonde linakukopesha: unashuka unacheka, unapiga picha, unamwambia jirani mbona rahisi, kisha jua linafika utosini nalo linakuja kudai, na riba. Vijana wa msafara wetu walitumia muda mwingi zaidi kupanga nani asimame mbele ya nguzo ipi kuliko waliotumia kwenye mashoka, na hilo kwa kawaida ningelilalamikia. Siku hiyo niliwashauri wapige nyingine, kwa usalama.

Tukala, tukaenda Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini. Gari tukaliacha mbali makusudi, kwa amri ya shemeji, ili tupite mashambani karibu na Mto Ruaha Mdogo. Njiani tukakutana na bibi mmoja na jembe lake.

“Kamwene.”

“Kamwene, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba. Mnakwenda wapi?”

“Tunatembea tu, bibi,” akasema shemeji.

“Mnatembea kwenda wapi?”

“Tunanyoosha miguu.”

Bibi akaitazama miguu yetu, kisha zile fimbo za chuma, kisha akatazama nyuma yetu kama kuna anayetufukuza. “Mmepotelewa na ng’ombe?”

Ikabidi niingilie. “Bibi, tunakwenda makumbusho. Kwa Mkwawa.”

“Ahaa!” Uso ukafunguka. “Sasa si mseme. Nendeni, msije mkakuta pamefungwa.”

Hapo ndipo nilipompa shemeji somo ambalo nimekuwa nikilisubiri. Mtu mzima hatembei bila sababu. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1983 tunaikumbuka Nguvu Kazi: ukikutwa mjini mchana huna shughuli inayoeleweka, unapakiwa kwenye lori unapelekwa kijijini ukalime. Sasa watu wale wale, kwa hiari yao, wanatoka mjini kwenda kijijini mchana, hawana shughuli inayoeleweka, na hawalimi. Mandhari peke yake si jibu la kumpa mwenye jembe. Lakini ukimtajia kaburi, boma au jina la chifu, amekuelewa: unakwenda kusalimia. Historia inakupumzisha, na juu ya hapo inakupa kibali cha kupita kwenye mashamba ya watu.

Kalenga yenyewe haina majengo ya kujionyesha. Ilikuwa ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, na Wajerumani waliipiga kwa mizinga Oktoba 1894. Walikuwa na kisasi: Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliwavamia njiani wakaliangamiza karibu kundi zima pamoja na kamanda wao, Zelewski. Ngome ilipoanguka Mkwawa hakuanguka nayo. Alikaa miaka karibu minne kwenye vilima hivi hivi, akihama usiku na mchana, zawadi ya rupia 5,000 ikiwa imetangazwa juu ya kichwa chake. Julai 1898, walipomkaribia, alijipiga risasi kuliko kushikwa. Wakamkata kichwa.

Kisha soma habari ya hicho kichwa. Mwaka 1919, mkataba wa Versailles, ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, wenye mambo ya mipaka ya Ulaya na fidia za mabilioni, ndani yake mkaandikwa kifungu cha 246: Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Miezi sita. Lilirudi mwaka 1954, likiletwa na Gavana Twining wa Tanganyika. Mimi nikichelewa dakika kumi kurudi kwenye gari napigiwa honi.

Fuvu lipo pale, ndani ya kabati la kioo. Nikiri kwamba hapo sikuuliza swali lolote la kupumulia. Niliuliza la kweli: miaka ile minne, alikuwa anakula kwa nani? Kijana wa makumbusho akasema kwa watu wake, ndiyo maana haikuwa rahisi kumpata. Nikatazama nje, vile vilima ambavyo shemeji ameviandika kwenye simu yake “rahisi hadi wastani”. Vilima hivyo si rahisi. Inategemea tu nani yuko nyuma yako. Nilisimama pale muda mrefu, na safari hii shemeji hakugonga fimbo.

Nilipotoka nikatafuta pa kukaa. Na hapa nina neno na wote wanaotunza sehemu za kale, Afrika Mashariki nzima, bila kumtaja mtu. Mnatuwekea bango refu kama hotuba ya bajeti, tunalisoma tumesimama juani, tena herufi zimepauka. Wekeni benchi. Benchi moja la mbao mbele ya bango, mti mmoja wa kivuli, choo chenye mlango unaofunga. Mtashangaa jinsi wananchi watakavyoanza kupenda urithi wao.

Shemeji ameshatangaza safari ijayo: Lushoto, kwenda mpaka Irente kutazama bonde la Mazinde kutoka kwenye genge. Ameandika kwa furaha, “Hii ni mandhari tupu, hakuna makumbusho ya kutuchelewesha.” Hajui kwamba nimesoma. Lushoto zamani iliitwa Wilhelmstal, na majengo ya Wajerumani bado yapo mjini. Nitayatazama yote, moja moja, nikianzia paa hadi msingi, na mwongozaji nimeshamwagiza asiwe mtu wa haraka. Kwenda Irente ni mwendo wa asubuhi moja. Kwa ratiba yangu, tutafika giza limeshaingia, na tutarudi kwa gari.