Ua la Duara, Kitambaa cha Mraba

Mraba wa bibi ni kitambaa chenye pembe nne kinachofumwa kwa kroshia kuanzia katikati kwenda nje, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka uzi uishe au mfumaji achoke. Kroshia yenyewe ni sindano butu yenye kichwa kilichopinda kama ndoana. Jina la bibi limetoka kwa Waingereza na Wamarekani, ambao kwao kazi hii huhusishwa na vikongwe. Afrika Mashariki hakikupewa jina la mtu. Huitwa kitambaa basi, na kila mtu anajua ni kile cha kwenye kochi.

Aina inayohusika hapa ni ile yenye ua katikati, kwa kawaida waridi la petali zilizopandana safu juu ya safu. Ndiyo inayopendwa kuliko zote na ndiyo inayoharibika kuliko zote, kwa sababu ua ni duara na kitambaa ni mraba. Kulitoa ua kwenye duara na kulifikisha kwenye pembe nne kunataka hesabu, na nyumba yenye watu ndani yake haijawahi kuwa mahali pazuri pa kuhesabia.

Waridi la kufuma lina asili ya huzuni kuliko sura yake. Katika miaka ya 1840, viazi vilipooza mashambani na njaa kubwa ikaipiga Ireland, watawa na wanawake wenye uwezo waliwafundisha maskini kufuma lesi ya pamba kwa kroshia ili wauze wapate chakula. Waridi zilifumwa moja moja, kisha zikaunganishwa kwa wavu wa nyuzi. Mraba nao ulitokea upande wa pili wa bahari: mwaka 1885 jarida la wakulima la Prairie Farmer, lililochapishwa Chicago, lilitoa maelekezo ya mraba wa namna hii, ambayo ni miongoni mwa ya zamani zaidi yanayojulikana. Huku kwetu kufuma kulisambazwa sana na shule za misheni na madarasa ya maarifa ya nyumbani, kukahamia sebuleni, na hakujahama tena. Vipi mbinu ya kujiokoa na njaa ikaishia kuwa vazi la redio, historia imelinyamazia.

Vifaa ni vichache na vyote hupotea. Kroshia ya milimita 4 hufaa uzi wa sweta wa unene wa wastani. Uzi mwembamba wa pamba unataka kroshia iliyo chini ya milimita 2 na macho yaliyo chini ya miaka 40. Kroshia ikitoweka, hutafutwa chini ya makochi, ndani ya unga na mikobani mwa wageni wa juzi, kisha hukutwa imechomekwa kwenye nywele za yule anayeitafuta. Mkasi hauhitaji maelezo. Mkasi uko kwa jirani.

Uzi ndio unaohitaji uangalifu. Karatasi iliyozungushiwa donge huwa na namba mbili: ya rangi, na ya mkupuo ambao rangi hiyo ilitiwa kiwandani. Namba ya kwanza husomwa na kila mnunuzi. Ya pili husomwa baada ya uzi kuisha, kama karatasi haijawashiwa jiko. Mfumaji arudipo dukani wiki tatu baadaye, kipande cha uzi mwekundu kikiwa kimefungwa kidoleni, huoneshwa nyekundu sita tofauti, kila moja ikiapiwa kuwa ndiyo yenyewe. Nyumbani, mchana wa jua, huonekana ni rangi ya tofali. Ndiyo sababu katika seti za vitambaa vya makochi kimoja hukaa siku zote kwenye kochi la pembeni, mahali mwanga haufiki.

Kazi huanza kwa mnyororo wa vitanzi sita unaounganishwa ncha kwa ncha kuwa pete. Ndani ya pete hufumwa nguzo nane, nguzo ikiwa ni ule mshono mrefu ambao uzi huzungushwa mara moja kwenye kroshia kabla ya kuchomekwa, na kati ya nguzo na nguzo huachwa mnyororo wa vitanzi vitatu. Yanapatikana madirisha manane, na kila dirisha huzaa petali moja. Mpaka hapo kazi ni nyepesi, na mfumaji huwa ameshaanza kuwaahidi watu zawadi.

Nane hapa haikuokotwa. Nane hugawanyika kwa nne, hivyo petali nne zitakuja kubeba pembe na nne zitabeba pande. Ua la petali saba halina kasoro kama ua. Huko mwituni yapo na nyuki hawalalamiki. Kasoro yake hujitokeza saa moja baadaye, wakati wa kutafuta upande wa nne.

Petali saba hazitokani na ujinga. Hutokana na watu. Safu ya pili ya petali ina mishono saba kwa kila petali, jumla 56, na lazima ihesabiwe na mtu ambaye ana masikio. Mfumaji yuko kwenye mshono wa ishirini na tatu, midomo ikicheza kimya kimya.

“Mama, naomba mia tano ya maandazi.”

Mama anatoa mia tano bila kuinua macho, na hesabu inaendelea: mia tano na moja, mia tano na mbili.

Hodi ya jirani ni mbaya zaidi, kwa sababu salamu zetu zina mizunguko mingi kuliko kitambaa chenyewe. Kuna habari za asubuhi, za watoto, za huko kwenu, za tangu juzi, za yule mgonjwa, na kila habari ina jibu lake. Mpaka salamu zifike mwisho, mfumaji hajui kama alikuwa kwenye ishirini na tatu au kumi na nne. Kuhesabu upya mbele ya mgeni ni utovu wa adabu, kwa hiyo hukadiria. Petali nyingi za tisa duniani ni za makadirio.

Safu ya pili ya petali hukaa nyuma ya ile ya kwanza. Petali za mbele hulazwa kwa kidole gumba, na mnyororo wa vitanzi vitano hupitishwa nyuma yake ukikamatishwa kwenye mgongo wa nguzo. Anayeanza huukamatisha kwenye petali yenyewe, na ua hujifunga kama kabichi. Kwa haki yake, kabichi hiyo si mbaya. Ikishonewa kibanio huvaliwa kichwani na binti mdogo asiye na njia ya kukataa.

Baada ya waridi huingia uzi wa kijani, ambao ni majani, na hapo ndipo duara hulazimishwa kuwa mraba. Katika kitanzi kimoja cha nyuma ya petali hufumwa nguzo tatu, vitanzi viwili vya mnyororo, nguzo tatu: hiyo ni pembe. Katika kinachofuata hufumwa nguzo tatu tu: huo ni upande. Pembe, upande, pembe, upande, mpaka makundi yatimie 12 na nguzo 36. Mzunguko unaofuata una makundi 16, kisha 20. Kila mzunguko huongeza manne, si pungufu na si ziada.

Vikisahaulika vile vitanzi viwili vya pembe, kitambaa huanza kuinua kingo na kuwa bakuli. Mfumaji mwenye uzoefu hatahayari. Husema tangu mwanzo alikusudia kofia, na siku hiyohiyo huanza kutafuta kichwa cha kukivalisha. Nguzo zikizidi, kingo hufanya mawimbi na kitambaa hakilali hata kikiwekewa kamusi juu yake. Petali zikiwa saba, upande wa nne hauna pa kukaa. Zikiwa tisa, upande mmoja huwa mrefu kuliko mingine, na hicho ndicho kitambaa kinachonyooshwa kila asubuhi na kila mchana kimepinda, huku lawama wakipewa watoto.

Zipo ajali ambazo hata hesabu sahihi haizuii. Vitabu vya Uingereza na vya Marekani hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti: mshono ambao Mmarekani anauita wa mara mbili, Mwingereza anauita wa mara tatu, na ule wa mara mbili wa Mwingereza ni wa mara moja kwa Mmarekani. Mtu aliyefuma kitambaa cha kwanza kwa kitabu cha zamani na cha pili kwa video ya simu hupata kimoja cha kufunika mgongo wa kochi na kingine cha kufunika kikombe. Hata mkono ule ule haufanani na nafsi yake. Mshono hukazwa na hasira na hulegezwa na tamthilia, kiasi kwamba anayejua kusoma vitambaa anaweza kuonesha ni kipi kilifumwa siku bili ya umeme ilipoingia.

Kisha ipo tabia ya kroshia ambayo wafumaji wa sweta kwa sindano mbili hawaijui. Sweta lina vitanzi hai dazeni kadhaa vilivyopanga foleni kwenye sindano. Kroshia ina kimoja tu. Faida yake ni kwamba kosa hurekebishwa upesi: toa kroshia, vuta uzi, rudi nyuma. Hasara ni kwamba hata mtoto wa miaka miwili anaweza kutoa kroshia, kuvuta uzi na kurudi nyuma. Kazi ya siku mbili huwa donge kabla chai haijachemka, na uzi uliofumuliwa hubaki na mawimbi kama nywele zilizofumuliwa, ukitangaza yaliyopita kwa kila atakayeufuma tena.

Kitambaa kilichopona yote hayo kinadai mikia. Kila rangi huanza na mkia na kuishia na mkia, na kila mkia lazima uchomekwe ndani kwa sindano yenye tundu, la sivyo utachomoka sokoni. Waridi la rangi nne, yaani moyo wa njano, petali nyekundu, majani ya kijani na fremu nyeupe, lina mikia minane. Hapo si kitu. Lakini wapo wanaoazimia shuka zima la kitanda cha nne kwa sita. Kwa miraba ya sentimita 15 shuka hilo linataka minane kwa upana na 12 kwa urefu, yaani miraba 96, na mikia 768. Wanaoacha mikia yote ichomekwe mwisho ni wale wanaomaliza na miraba saba: mitano ya kochi, mmoja wa redio, na mmoja wa chupa ya chai.

Ili kisimame vizuri, kitambaa cha pamba hutiwa kanji ya unga wa muhogo. Ikiwa nzito kitambaa hukauka na kugonga meza kama sahani, na mende huipenda. Wengine hutumia maji ya sukari, mbinu ya zamani inayokaza vizuri ajabu. Asubuhi yake waridi huwa jeusi na linatembea. Sisimizi wamelikubali kuwa ua halisi, sifa ambayo mfumaji hakuipata kwa jamaa zake.

Cha uzi wa sweta hakihitaji kanji. Hunyooshwa tu juu ya taulo, kikabanwa pini pembeni, kikarashiwa maji na kuachwa mpaka kikauke. Pini ziwe zisizoshika kutu, na zihesabiwe wakati wa kuzichomeka na wakati wa kuzitoa. Hesabu hii, tofauti na zile nyingine zote, husahihishwa na mtu mwingine, pale anapokaa.

Pasi isiguse. Nyuzi nyingi za sweta zinazouzwa madukani ni za akriliki, ambayo ni plastiki, na joto la pasi huilegeza moja kwa moja. Petali zilizokuwa zimesimama hulala, na hakuna maji wala maombi ya kuziamsha.

Mwisho ni kukiweka mahali pake, na hapa zama zimekiacha kitambaa nyuma. Televisheni ya zamani ilikuwa na mgongo mpana kama meza. Ya siku hizi ina wembamba wa daftari, na kitambaa kikiwekwa juu yake huteleza kikafunika mtangazaji. Redio imo ndani ya simu. Limebaki kochi. Pale juu ya mgongo wa kochi, mahali mgeni anapoegemeza mabega, waridi lenye petali nane na matundu mengi hukutana na kifungo cha shati.

Mgeni huaga vizuri, husindikizwa mpaka njia panda, hupanda daladala na waridi mgongoni, na hakuna anayemwambia, kila abiria akidhani ni mtindo. Kitambaa hurudishwa kesho yake na mtoto, pamoja na salamu na kuomba radhi kwingi, kikiwa kimefuliwa, kimekunjwa, na kimepigwa pasi.