Jinsi ya Kuchumbiwa Ukiwa na Wajukuu: Mwongozo kwa Wazee wa Igamba

Anza na simu. Kama jina la mchumba wako umelihifadhi kama "Fundi Bomba", lifute leo na uandike jina lake halisi. Kitochi chako kinasikika mpaka kwa jirani, na ujumbe ukiingia anakusomea mjukuu wa darasa la tano kwa sababu miwani imevunjika. Siku mjukuu huyo atakapokusomea "umeamkaje mpenzi" kutoka kwa fundi bomba, habari itafika Mlowo kwa mama yake kabla chai haijachemka, iende Tunduma kwa mjomba wake, na jioni shangazi wa Dar es Salaam atapiga kuuliza ni bomba gani hilo linalotengenezwa kwenye nyumba inayochota maji kisimani.

Kujificha ni kwa watoto wa shule. Wewe, mama, una miaka 71. Umemuuguza mumeo, umemzika, umeendelea kupalilia kahawa yake, na hela yake inaliwa na ada ya wajukuu kabla hata hujaishika mkononi. Na huyo anayekupigia hukumwokota njiani. Tuseme ndiye mliyeimba naye kwaya kanisani mkiwa vijana, kabla hajafuata kazi ya reli. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilipopita Mlowo, Vwawa na Tunduma iliondoka na wachumba wa watu. Kuna waliovuka Nakonde kwa ahadi ya kurudi baada ya msimu mmoja, wakakaa Zambia nusu karne. Sasa amerudi, mvi kichwani, mke wake alishafariki, na bado anakumbuka ulikuwa unaimba sauti ya pili. Mpokee. Mpikie ugali kwa maharage, akae sebuleni mlango ukiwa wazi, jirani amwone na amwamkie.

Kabla ya kumpa jibu, lakini, kuna jambo zito, na hapa nakuomba usiharakishe.

Alipoondoka alikuacha na mimba. Wazazi wako wakafanya haraka, ukaolewa na mwingine, na mtoto wako wa kwanza amebeba jina la huyo mwingine mpaka leo. Wanaojua ni wewe, dada yako, na labda marehemu mwenyewe, aliyekaa kimya kwa sababu alimpenda yule mtoto. Mwambie mwanao. Anza na yeye, kabla ya wadogo zake na kabla ya mchungaji. Usimwambie kwa simu wala kwenye kikao cha ukoo. Mwite asubuhi, mwende wawili tu shambani, mkae chini ya mgomba, na useme kwa maneno mafupi: "Mwanangu, baba aliyekulea ni yule tuliyemzika. Aliyekuzaa ni huyu aliyerudi." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Akiondoka bila kuaga, usimfuate. Atarudi kuuliza, na akiuliza mjibu yote, hata yale yanayokuaibisha. Kuhusu marehemu sema mema tu, maana aliyebeba mtoto wa mwenzake mgongoni mpaka zahanati anastahili kutajwa hivyo.

Najua utakachosema: yamepita, kwa nini kuchimbua? Kwa sababu usipochimbua wewe, watachimbua wengine msibani. Tunayajua matanga ya kwetu. Watu wamekaa kumchagua msimamizi wa mirathi wa kumpeleka Mahakama ya Mwanzo, mara anashuka mtu kwenye bodaboda kutoka Tunduma, kavaa suti, kashika picha ya zamani, na pua ni ile ile ya marehemu. Kuanzia hapo hakuna anayelia tena. Wanahesabu miche ya kahawa. Kuna jingine baya kuliko hilo. Vijiji vyetu vimekaribiana, watoto wanasoma pamoja Vwawa na wanapendana wapendavyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza ndugu kuoana, hata wa kuchangia mzazi mmoja, lakini haiwezi kumsaidia kijana asiyejua kwamba mchumba wake ni dada yake.

Naye mzee aseme ya kwake. Muulize ameacha watoto wangapi ng'ambo ya mpaka, na kama kuna mwanamke Nakonde ambaye bado ni mkewe wa ndoa. Mume wa ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga nyingine wakati ile ingali hai, hata kama hawajaonana miaka ishirini. Kapimeni afya wote wawili, VVU ikiwemo. Nesi amewahi kuona wachumba wazee kuliko nyie.

Kisha ita watoto. Watakuja na nyuso za msiba, na mkubwa wao atazungumza juu ya heshima ya baba. Msikilize mpaka amalize, kisha mwulize taratibu kama kinachomsumbua ni shamba. Mara nyingi ni shamba. Si aibu kuliogopea; ndilo lililowasomesha. Waeleze kwamba kwa sheria hiyo hiyo ya 1971, kufunga ndoa peke yake hakumpi mume mpya mali uliyokuja nayo, wala wewe hakukupi ya kwake. Sehemu ambayo ni yako iandikie wosia mbele ya mashahidi wanaojua kusoma, uutunze RITA, na uwaambie watoto kwamba upo. Akitokea mjomba wa kudai kwamba mjane wa ukoo haondoki, au arithiwe na shemeji, mjibu kwa adabu kuwa kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinampa mjane uhuru wa kukaa anapotaka, kutoolewa tena, au kuolewa na mwanamume anayemtaka mwenyewe, mila iseme isemavyo. Bado nenda ukawaage wakwe. Tuma mshenga wa rika lenu, anayeweza kukaa na wazee hao mpaka jioni bila kugombana.

Sheria inataka taarifa ya ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Mwenye pingamizi halali atalileta katika siku hizo, na chuki ya mtoto kwa mchumba wa mama yake si pingamizi. Kwenu nyie wanawe mlioko Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam: siku 21 zinatosha kuomba ruhusa kazini na kutafuta nauli. Njooni, mumwamkie mzee wa watu, na mbebe viti vya kanisani kama mnavyovibeba kwenye harusi za wengine.