Ombi la Kuhamia Kisiwa cha Baker

Kwa Kamati ya Programu,
Kongamano la Uhandisi wa Programu (lipi, mnajijua).

Waheshimiwa,

Nashukuru kwa barua yenu ya "tunasikitika kukujulisha". Ni ya nne, na nimeshaizoea kama upepo wa Julai hapa Ufipa. Mhakiki Namba 2 amesoma andiko langu kuhusu programu ya simu ya kitochi inayomjulisha mkulima wa Laela ni duka gani lina mbolea ya ruzuku, akauliza: matokeo ya Ufipa yana maana gani kwingineko? Mara ya tatu nilikuwa nimelifuta neno Ufipa nikaandika "nyanda fulani za juu", maana mnataka mwandishi asijulikane. Akasema mazingira ya utafiti hayakuelezwa vya kutosha. Andiko lililochota data zake GitHub, ghala la programu mtandaoni, haliulizwi kama linafaa Laela.

Kilichonigusa zaidi ni saa yenu. Mwisho wa kutuma ni dakika ya mwisho ya siku kwa saa ya "popote duniani". Kwetu ni kesho yake, saa 8:59 mchana. Nikafuatilia hapo popote ni wapi. Ni Baker na Howland, visiwa vya Marekani katikati ya Pasifiki, visivyo na mkazi hata mmoja. Kumbe pasipo na mtu ndipo popote. Penye watu na foleni ya mbolea ni mahali mahususi mno.

Basi naomba, kwa unyenyekevu, niuhamishie utafiti wangu Kisiwa cha Baker. Nimeshapanga. Kisiwa kina kilomita za mraba mbili hivi, kwa hiyo eneo lote nitalimaliza kwa miguu kabla ya chai ya saa nne. Wakulima watakuwa ndege wa baharini, ambao ndio wenyeji wa kisiwa hicho cha hifadhi. Kiingereza chao hakina kasoro, hivyo hamtanituma tena kumtafuta mzawa wa lugha anisahihishie. Mada haitabadilika: karne ya 19 Wamarekani walichimba huko kinyesi cha ndege kwa ajili ya mbolea, na mwenye duka atakuwa ndege mwenyewe. Nilipoandika "mama mmoja alitembea siku nzima akakuta duka tupu", nitaandika "ndege mmoja aliruka".

Ila huyo mama yupo. Mvua ya Desemba ikimpita hana mbolea, mwaka wake umekwisha, na ninyi mnauliza ana maana gani kwingineko! Hamwoni haya?

Samahani. Nirudi kwenye maombi madogo. Siku mtakayonikubali, ada ipokeeni kwa magunia ya mahindi. Barua ya viza iandikeni mapema: watani husema Sumbawanga tunasafiri kwa ungo, lakini ingekuwa kweli nisingepanda basi zaidi ya kilomita 1,000 hadi ubalozini Dar es Salaam kuapa kwamba nitarudi nyumbani. Kuja kwenu huku msihangaike. ICSE, kongamano la kimataifa la fani yetu, ilifika Cape Town mwaka 2010. Tunaelewa kwamba Afrika imeshapewa zamu yake.

Andiko jipya nimeliambatisha, kurasa 10 kamili. Fomu za ridhaa za wahojiwa zimo pia. Zimetiwa sahihi kwa kucha.

Wenu mtiifu,
(jina limefichwa kwa kanuni yenu)
Sumbawanga