Bunge la Wati
Fundi wa sola hakuja na ngazi wala bisibisi. Alikuja na daftari, akaazima kalamu ya mtoto, akaketi sebuleni na kuuliza: "Mna vyombo gani, na mnavitumia saa ngapi?" Nyumba nzima ikavuta viti.

Taa zilipita bila ubishi: balbu sita za wati 7, saa tano kila usiku, wati-saa 210. Simu zikapewa 40. Televisheni ni ya wati 60. Mwanangu akaapa huitazama saa mbili tu kwa siku. Mama yake akamtupia jicho, saa zikawa sita. Jumla, 610. Fundi akasema betri moja ya asidi, ya volti 12 na ampea-saa 100, inabeba wati-saa 1,200, ila ukitaka idumu usile zaidi ya nusu. (Mali ya kununua nzima ukatumia nusu! Na hiyo nusu ndiyo ghali. Jua ni la bure. Kinachouzwa ni usiku.) Zile kumi zilizozidi tukazisamehe. Paneli ya wati 200 na inveta ya 300 zingetosha, na mfuko wangu ukaanza kupumua.

Ndipo mama mkwe, aliyekuwa kimya akichambua mchele, akauliza: "Na pasi?"

Pasi yake ni ya wati 1,000. Nusu saa tu inakula 500, na ile inveta ingezima papo hapo. Fundi akaeleza kwa adabu zote.

"Lakini baba, mimi napiga pasi Jumapili tu."

"Mama, Jumapili jua haliongezwi."

"Gauni la kwaya likikunjamana, nimwambie mchungaji ni wati?"

Nani ambishie mkwe? Ukurasa ukafunuliwa mwingine: betri mbili, paneli mbili, inveta ya wati 1,500. Kila nilipotaka kuuliza bei, mke wangu alikohoa. Shemeji, ambaye hata haishi hapa, akapitisha friji kwa simu. Ikaja betri ya tatu.

Hesabu ilipofungwa, nikauliza kwa sauti ya chini pasi ya mkaa inauzwaje siku hizi.

"Ninayo," mama mkwe akajibu, "tena nzuri sana. Ile ni ya sare za shule."