Mti Unaokula Mti: Mwongozo wa Magome kwa Bonsai ya Ukambani

Nenda penye kupasuliwa magogo, nje kidogo ya mji wa Kitui, na gunia tupu begani. Mwambie fundi hutaki mbao wala kuni, unataka magome.

"Ya dawa, mzee?"

"Hapana, fundi. Ya kupandia mti."

"Mti gani huo unaokula mti?"

Ni mbuyu wangu wa bonsai, unaoishi ndani ya bakuli la kina cha vidole vinne. Mizizi iliyobanwa hivyo inadai maji na hewa kwa pamoja. Udongo wetu mwekundu ukilowa hushikana, ukikauka huwa tofali. Kipande cha gome hunywa maji na kuyatunza, na upenyo ulio kati yake na mwenzake hupitisha hewa.

Kwanza, tafuta gome la mti uliokwisha kukatwa. Vitabu vya bonsai vitakutuma kwenye msonobari. Usihangaike, tunao mukau. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, na shirika la JICA la Japani wamefanya kazi ya miaka mingi hapa Kitui kuuboresha mti huu, na Japani ndiko ufundi wa bonsai ulikokomaa. Gogo la mukau likipasuliwa, magome hubaki chini. Hayo ndiyo yako.

Mti ulio hai usiuguse. Chakula kinachotoka kwenye majani kwenda mizizini hupita chini tu ya gome. Ukilibandua kuzunguka shina zima, mti unakufa njaa ukiwa umesimama. Mbuyu huweza kuotesha gome jipya, ndiyo maana mama zetu walichuna nyuzi zake wakasuka viondo. Kwa mukau na mgunga usitegemee muujiza huo. Mwaka 2018 kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya mipaka yake, kwa kuona miti inavyoteketea. Kuua mti mkubwa ili kupamba mdogo ni aibu.

Pili, twanga. Anika magome mpaka yavunjike kwa mkono, kisha yatie kinuni. Kinu cha kukobolea mahindi ya muthokoi kiache jikoni. Tafuta kingine kikuukuu. Twanga polepole. Unataka vipande, si unga.

Tatu, chekecha mara mbili. Wavu wa kwanza uwe na matundu ya milimita 6: kinachobaki juu kirudi kinuni. Wa pili uwe wa milimita 3: kinachopita, kimwage shambani, maana vumbi huziba hewa bakulini. Kilichobaki katikati ndicho ulichokuwa ukikitafuta.

Nne, ivisha. Gome bichi lina njaa. Vijidudu vinavyolimeng'enya hunyang'anya mizizi naitrojeni, na majani yakawa ya manjano. Changanya na samadi ya mbuzi, nyunyiza maji, funika, geuza kila wiki mbili kwa miezi minne. Tumia pipa lenye matundu, ulipandishe juu ya mawe. Lundo likigusa ardhi ya Ukambani, mchwa wanaweza kulimaliza kabla yako.

Tano, jaribu. Chota kopo moja, panda mbegu za sukuma wiki. Miche ikisimama kijani kwa wiki tatu, gome limeiva. Usijaribu kwa kunde: hizo hujipatia naitrojeni kwa msaada wa vijidudu vya mizizini, zitakudanganya.

Sita, changanya. Kwa mbuyu na mimea mingine inayochukia unyevu, gome sehemu moja kwa changarawe sehemu mbili. Kwa miti mingine, nusu kwa nusu. Changarawe ioshe mpaka maji yatoke safi. Usiende kuchimba mtoni. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, kwa kuwa mchanga ndio unaotutunzia maji kiangazi. Omba debe moja la masalio kwa mjenzi jirani.

Anza Mei. Mbuyu hupukutisha majani kiangazi, na wakati wa kuuhamisha ni pale vichipukizi vinapoanza kuvimba, mvua ya Oktoba ikikaribia. Miezi minne ya pipa na wiki tatu za kujaribu zitakufikisha hapo.

Ukirudi kwa fundi kuchukua gunia la pili, mpelekee mche wa mukau. Hilo ndilo jibu la swali lake.