Saa Tatu za Harusi ya Shangazi

Anayesema kuhamisha kanda za video kwenda kwenye flashi ni kazi ya mara moja, hajawahi kumsubiri bibi harusi wa mwaka 1994 amalize kuteremka kwenye Peugeot. Kanda haikimbizwi. Kanda ya VHS ya E-180 ina saa tatu, na ili iingie kwenye kompyuta sharti icheze saa zote tatu, mita 250 na ushei zikijikokota mbele ya vichwa vya deki. Kama mpiga picha aliona sufuria za mukimo zinastahili nusu saa, basi nawe utatazama mukimo nusu saa.

Familia yetu ya Nkubu ilipitisha kwa kauli moja, kwenye kundi la WhatsApp, kwamba kanda hizi ni urithi. Vidole gumba vikamiminika. Mchango ulipotajwa, kundi likazizima. Aliyetuma chochote ni mama peke yake, shilingi mia mbili kwa M-Pesa, tena bila ya kutolea.

Studio ya Meru mjini inatoza kwa saa, si kwa kanda, na juu yake kuna "ya kusafisha ukungu". Nilijiandaa kubishana, ila kanda zenyewe zikanisaliti. Unyevu wa huku kwetu na miaka chini ya kitanda vimeziotesha unga mweupe, na ukizicheza hivyo hivyo, unga unahamia kwenye vichwa vya deki. Deki mpya nayo utaitoa wapi? Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuziunda, iliacha Julai 2016. Zilizobaki Mlima Kenya zinaishi kwa viungo vya marehemu wenzao.

Basi nikaelekezwa kwa fundi wa Embu, nusu bei. Watoaji wa ushauri huu hawahesabu nauli. Chogoria, Chuka, Runyenjes, na katikati daraja la Nithi, lile la ajali, ambapo matatu nzima hunyamaza, hata kondakta anayedai salio la watu.

Fundi ana deki moja, TV ya kisogo na kale kakifaa ka USB kenye nyaya tatu: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Akaizungusha kanda kwa mkono huku akiipangusa kwa spiriti, taratibu, na hapo nikakubali kwamba ya kusafisha si wizi. Wizi ni ile "HD" aliyotaka kuniongezea baadaye. "Mkubwa, ukiongeza kidogo nakufanyia HD." Ya wapi? Picha ya kanda ina mistari 576 kwa hesabu ya ukarimu. Ukiivuta ijae TV ya inchi 55, unanenepesha chenga tu.

Saa ya pili, kisu kikiwa juu ya keki, harusi ikakatika na Mzee Ojwang akatokea. Vitimbi, vile vichekesho vya KBC! Kanda ya VHS ina kijino cha plastiki mgongoni. Ukikivunja, deki inagoma kurekodi juu yake. Mpiga picha alikivunja kama inavyotakiwa. Mtu wa nyumbani akaliziba tundu kwa selotepu ili asikose kipindi cha KBC. Tunamjua, simtaji, ila ndiye anayelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba keki haionekani. Shangazi amepigwa picha akilishwa mukimo na wakwe kutoka kila pembe, lakini keki, ambayo ndiyo aliyoitaka, imeliwa na Mama Kayai wa Vitimbi.

Nimeituma yote kwenye kundi, vipande vipande. Mjomba amejibu kwamba bando lake ni la siku moja, niikate iwe dakika mbili. Shangazi hajasema neno. Wengine wote wanauliza Ojwang iliishia wapi, na kama kanda zilizobaki zina zaidi.