Namna ya Kumwandikia Karani wa Afya, Kati ya Baraka na Fizi

Weka kalamu chini kwanza. Nenda ukakae asubuhi moja kwenye benchi la kituo cha afya, mwambao wa Ziwa Tanganyika, siku za kufunga ripoti ya mwezi. Utamwona msomaji wako: mama mwenye rejesta nne mezani, akihesabu vijistari vitano vitano. Mtu anauliza bei ya kumuona mganga. Mama anajibu bila kuinua kichwa, na hesabu haipotei. Jarida la makarani wa afya unaloliandikia litamfikia huyo, naye ana dakika sita.

Basi makala iwe ukurasa mmoja, na jambo lenyewe likae mstari wa kwanza. Mambo ya "changamoto za mfumo wa afya" yaache. Anayalalia na kuyaamkia. Mwambie afanye nini pale fishi ya stoki inaposema vidonge 400 na kabati linasema 310. Ukimjibu hilo sawasawa, ataukata ukurasa wako na kuubandika ukutani, na utasomwa miaka mitatu.

Andika Kiswahili, ila majina ya fomu yaache kwa Kifaransa kama yalivyochapwa, ili mkono wake uende moja kwa moja kwenye karatasi inayotakiwa.

Kuhusu kipindupindu, andika kwa heshima. Kando ya ziwa hili kinarudi mara kwa mara, na dalili ya kwanza huonekana katika rejesta: wagonjwa watatu wa kuhara, kijiji kimoja, wiki moja. Karani aliyeandika jina la kijiji badala ya kuweka "kama juu" ndiye aliyeonyesha pa kupeleka klorini. Sema hivyo waziwazi. Makarani wengi wanaishi kwa primu inayochelewa na mgawo mdogo wa pesa za wagonjwa, na shukrani hawazisikii. Jambo hili linaniuma.

Sasa wewe unayeweka tangazo katika jarida hilo. Kivu Kusini ina zoni za afya 34, na wauzaji karibu wote wanamwandikia daktari mkuu wa zoni. Mwandikie AG, yule anayeshika fedha na mali, kwa kuwa ndiye anayejua pikipiki ipi imebaki bila tairi. Picha ya mtu anayecheka mbele ya kompyuta haimsaidii. Taja bei kwa dola na kwa faranga. Taja mzigo uko wapi: Baraka sokoni, au bado Uvira? Mito ikijaa, barabara ya Uvira inakatika, na ahadi ya "utaupata kesho" inageuka mwezi. Wa kule milimani, Minembwe, umwambie pia mzigo una kilo ngapi, maana huenda ukabebwa kichwani.

Zaidi ya yote, sema nani atakitengeneza kifaa kikiharibika. Niliwahi kununua kichapishi kwa sababu ya tangazo zuri. Wino ulipoisha haukupatikana popote mwambao wote, na mwaka mzima ripoti tuliziandika kwa mkono, usiku, kwa taa ya simu.

Kabla hujatuma, msomee karani mmoja kwa sauti. Akikukatiza, "Papa, sasa iko bei gani?", rudi nyumbani ukaandike upya.